Rudi Ndani, Aanze Tena

Grand Prairie, 2 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Fortunée,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barafu kidogo tu imeshuka na Texas nzima imejifungia ndani, maduka hayana mkate, hata kanisa limefungwa. Mama hajambo. Goti linamsumbua lakini mdomo uko mzima, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mdogo wangu Kethia amepata leseni ya gari na tangu hapo sisi wengine tunasali zaidi. Mchumba wangu Ushindi bado yuko kule ghalani, anaingia kazini alfajiri na kurudi akiwa hoi. Anakusalimu kwa heshima zote, na anasema bado anakuogopa.

Shangazi, nimekupigia simu kila Jumapili na hupokei. Anapokea mwanao Précieux, anasema, "Mom's resting." Mtu gani anapumzika tangu Krismasi? Najua tangu walipokupasua ile tezi ya shingo sauti yako si ile, na hupendi watu waisikie. Basi nimeamua kukuandikia, kama ulivyokuwa ukituandikia ulipotangulia Marekani ukatuacha kwenye kambi ya wakimbizi. Karatasi haitakuomba useme.

Sasa jambo lenyewe. Arusi ni tarehe 26 Julai, kanisani kwetu Haltom City. Unajua desturi ya nyumba yetu kuliko mimi: bibi arusi hatoki chumbani mpaka dada ya baba yake asimame nje ya mlango na kumwanzishia wimbo wa kumtoa. Wewe ulitolewa na shangazi yako, na mabinti wote wa Baba Mkubwa umewatoa wewe. Baba yangu ametangulia mbele ya haki, na hakuwa na dada mwingine. Umesema utakuja. Hujasema kama utaimba. Naomba unijibu hilo tu.

Kwa upande wa kazi, nimebadilisha. Siku hizi namtunza mama mmoja mzee huko Cedar Hill, Mmarekani mweusi, anaitwa Ozella Tarkington. Kila mtu anamwita Miss Ozella. Amepita miaka tisini, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na ulimi wake ni mkali, sitasema kama wa nani. Juzi kwaya ilikuwa inaimba kwenye televisheni, akanyoosha kidole: "Yule wa pembeni anauogopa wimbo." Mimi naosha vyombo naimba zangu, akaniambia naimba haraka mno, ndiyo maana sahani zinabaki na mafuta. Nadhani alikuwa mama wa kwaya zamani.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Sandrine


Houston, 27 Februari 2025

Mwanangu Sandrine,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, maana hapa Houston hata kitu kilichofungwa kinapata njia ya kulowa. Tunamshukuru Mungu tunapumua. Baridi iliua mboga zangu za lengalenga zote, nimepanda nyingine. Précieux anarefuka tu, suruali zinamkimbia. Namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, ila nikisema chakula kiko tayari anaelewa bila mkalimani.

Kuhusu arusi, nimeshachagua vitenge vya upande wetu. Ni vya kijani. Usiniletee habari za ile manjano yako inayofanya ukoo mzima uonekane una malaria. Mwambie mama yako asikubali kupika peke yake, na asimkabidhi Kethia sombe ya majani ya muhogo, ataiunguza. Ushindi mwambie aendelee kuniogopa, ni vizuri kwa ndoa.

Huyo mzee wako anakula? Mzee akisema sana na chakula hagusi, ujue kuna kitu. Mpikie uji mwembamba, weka maziwa. Na kama amesema unaimba haraka, amesema kweli. Baba Modestus alikwambia hivyo hivyo ukiwa mdogo. Unamkumbuka Baba Modestus wa kwaya yetu ya kambini? Akisikia kosa alikuwa hagombi, anainua kidole tu: "Rudieni." Hapo mtu unatamani ardhi ipasuke. Wote aliwarudisha, mpaka mke wake. Mimi hakuwahi kunirudisha, miaka yote ile. Hilo nitazikwa nalo.

Simu yangu imeharibika, ndiyo sababu sipokei.

Ni mimi shangazi yako,
Fortunée


Grand Prairie, 23 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Hatujambo sote, na Mama anasema kijani ni sawa. Nimeona umejibu habari za vitenge, sombe, uji na malaria. Nilichouliza hukukijibu. Nimeona, nimenyamaza.

Ngoja nikupe habari za Miss Ozella, maana tangu wiki iliyopita sijielewi.

Aliniambia nifute vumbi kwenye kabati. Ndani nikakuta santuri, zile sahani nyeusi za muziki, zimepangwa wima. Nikavuta moja. Juu ya jalada kuna msichana wa kizungu amelala ufukweni, amevaa kofia ya manjano, anacheka. Na juu ya kichwa chake, kwa herufi kubwa, imeandikwa OZELLA TARKINGTON. Nikamuuliza, "Miss Ozella, huyu msichana ni nani?"

Akasema, "Ni mimi."

Nikamtazama yeye, nikatazama jalada.

"Sijawahi kukutana naye," akasema. "Natumaini walimpa japo chakula cha mchana."

Shangazi, huyu mama alikuwa mwimbaji! Sio wa kwaya. Wa jazi, wa redioni, wa Amerika nzima! Wenye kampuni ya santuri waliogopa kwamba maduka ya huku kusini hayataweka uso mweusi dirishani, basi wakaweka sauti yake na sura ya mwingine. Watu walinunua, wakacheza, wakachumbiana kwa nyimbo zake, na hawakumjua. Alizaliwa Fort Worth, mama yake alifulia watu nguo. Hajatimiza hata miaka ishirini akaingia bendi ya jazi, msichana peke yake katikati ya wanaume wenye tarumbeta. Walisafiri kwa basi na kulala kwenye nyumba za watu weusi wenzao, kwa sababu hoteli ziliwakataa. Huko kwenu Houston ndiko jina lake lilikoandikwa nje ya ukumbi kwa mara ya kwanza. Alisimama barabarani akalisoma mpaka mwenye ukumbi akatoka kumuuliza kama amepotea.

Nikamwomba niiweke ile santuri. Akakataa, halafu akakubali, halafu akajifanya amesinzia. Sijui nikueleze vipi. Sauti inaanza imetulia kama mtu anayekueleza jambo mezani, halafu inapanda, inapanda tena, na pale unapodhani imefika mwisho, anafungua mlango mwingine juu zaidi. Nilikaa sakafuni na kitambaa changu cha vumbi. Nilikuwa nimemuosha mgongo mtu huyu asubuhi hiyo! Nilikuwa nimemgombeza kuhusu vidonge!

Kuna siku moja hoteli kubwa ya Dallas ilimwita aimbe kwenye ukumbi wao wa matajiri. Wakamwambia apite mlango wa jikoni. Akapita. Aliwasalimu wapishi mmoja mmoja kwa mkono, akapanda jukwaani na gauni lake refu, akaimba. Wapishi waliacha sufuria wakaja kubanana mlangoni. Wimbo wa mwisho wakamrudisha auimbe tena, akaimba, wakamrudisha tena, mara tatu nzima. Alipomaliza alishuka, akapita katikati ya meza za watu wote wale na kutoka kwa mlango wa mbele, na mpiga besi wake nyuma yake na besi lake kubwa. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa amepita mlango ule akiwa mgeni. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Nimemuuliza, "Hukuogopa?" Akasema, "Niliogopa kukanyaga gauni."

Sasa nijibu, Shangazi. Utanitoa?

Sandrine wako


Houston, 29 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimechelewa, nilikuwa na mafua, na baada ya mafua ikaja Pasaka. Lengalenga zimeota vizuri, nitakuletea. Précieux amepata alama nzuri za hesabu na mbaya za tabia.

Huyu mtoto nilimwambia jina la mzee wako, akazipata nyimbo zake kwenye simu mara moja. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Akaniwekea. Nilisikiliza ile ya kwanza mpaka pale inapoanza kupanda, nikamwambia zima. Sio kwa ubaya. Ile njia ya juu naifahamu, Sandrine. Nilikuwa napita pale. Kila Jumapili nilikuwa napita pale na sikujua kwamba kuna siku nitakuta pamefungwa. Daktari alifanya kazi yake vizuri, simlaumu, uvimbe ulitoka. Ila haukutoka peke yake.

Umeandika kwamba pale hotelini walimrudisha mara tatu. Maskini mama wa watu, alikosea wapi? Mimi kwa masikio yangu sikusikia kosa. Halafu baada ya kurudishwa mara tatu mbele ya matajiri, bado akainua shingo akapita mlango wa mbele! Mimi ningepita dirishani. Huyo mwanamke ana moyo, mpe salamu zangu.

Kuhusu kuimba, mwombe Mama Charlotte wa hapo Haltom City. Ana sauti safi na anaipenda shughuli. Mimi nitakaa na wageni. Usiniulize tena.

Shangazi yako


Grand Prairie, 25 Mei 2025

Shangazi,

Salamu za nyumbani zote zipo, Mama, Kethia, Ushindi, wote wazima. Swali lako kuhusu hoteli lilimchekesha Ushindi mpaka akamwaga chai. Lakini mimi barua ile ilinikalisha kitandani nikalia. Mama Charlotte ni mtu mzuri. Sio dada ya baba yangu.

Nilikwenda kazini macho yamevimba. Miss Ozella hapitwi na kitu. Nikamwambia yote: wewe, kwaya ya kambini, shingo yako, mlango, wimbo. Kisha akashusha ukosi wa blauzi yake. Ana kovu, Shangazi. Hapa chini ya koo, jembamba, jeupe. Nimemvalisha na kumvua wakati wote huu nikidhani ni mkunjo wa uzee.

Alipokuwa juu kabisa, redio zote zinamwimba, na sura yake mwenyewe sasa iko kwenye majalada, koo lilivimba. Wakampasua. Alipozinduka ile sauti ya juu haikuwepo. Alirudi Fort Worth akaajiriwa kupika kwenye shule ya watoto, na kwa miaka mingi hakuimba hata kanisani. Watu walidhani amekufa. Gazeti moja liliandika hivyo, na yeye hakujisumbua kuwasahihisha.

Siku moja anakoroga maharage ya watoto, akasikia mtu anaimba chini chini, akageuka kumtafuta ni nani. Ni yeye. Ilikuwa sauti ya chini aliyokuwa nayo siku zote na hakuwahi kuishughulikia, kwa sababu ya juu ilitosha. Akaanza nayo pale pale juu ya sufuria. Baadaye akarekodi santuri moja tu ya sauti hiyo. Kwenye jalada ni uso wake mwenyewe, mvi zake, hakupaka hata poda.

Nimeisikiliza. Ile ya ujana ilinifanya nishangae. Hii nilihisi kama kuna mtu amekuja kukaa karibu nami na kuniita jina. Sijawahi kusikia kitu kikubwa namna hii kinachotoka polepole namna hii. Ndiyo santuri ambayo vijana bado wanamwandikia barua kwa ajili yake, kutoka nchi ambazo hajui ziko wapi.

Halafu akanilazimisha nimwimbie wimbo wetu. Nikaanza. Akanisimamisha. "Kwa nini unaanzia huko juu?"

"Ndiko unakoanzia."

"Nani kasema?"

"Shangazi yangu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Na shangazi yake."

Alicheka mpaka nikaenda kumletea maji. Akasema, "Wote hao walikuwa na shingo zao. Mwambie aanzie pale alipo. Anayeanzisha ndiye anayechagua, wengine kazi yao ni kumfuata."

Nimemwalika arusini. Ameshachagua kofia.

Sandrine


Grand Prairie, 29 Juni 2025

Shangazi,

Hatujambo. Ninyi je? Nimengoja barua mwezi mzima. Gauni limeshonwa, ukumbi umelipiwa, keki imeagizwa. Mama Charlotte ameniuliza kama ajiandae, nikamwambia asijiandae. Ukikataa nitatoka bila wimbo, mlango utafunguliwa kimya na watu wote watajua kwamba baba yangu hana mtu. Nimesema kwa hasira na sifuti.

Sandrine


Houston, 8 Julai 2025

Sandrine mwanangu,

Salamu kwa mama yako. Mvua huku ni kila siku, barabara yetu ilijaa maji na Précieux alifurahi kama mtu aliyenunuliwa bahari.

Sikia, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Krismasi iliyopita mchungaji aliniomba nianzishe wimbo wa kuingilia. Shingo ilikuwa imepona, nikasema mbona ni kitu kidogo. Nikasimama, nikaanza pale pale ninapoanzia siku zote. Sauti haikutoka, ulitoka upepo. Watoto wa viti vya mbele wakacheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka. Mpiga kinanda, kijana mwema, akaipiga noti ile kwa mara ya pili ili nirudie. Nikarudia. Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Mimi ambaye Baba Modestus hakuwahi kunirudisha, nikarudishwa mbele ya Krismasi nzima. Nilichukua mkoba wangu nikaenda kukaa ndani ya gari mpaka ibada ikaisha. Ndiyo habari ya simu, na ndiyo habari ya kupumzika.

Baba yako angekuwa hai angenigombeza kwa kukuliza. Nitakuja. Vitenge viko tayari na lengalenga nitazifunga kwenye gazeti. Hilo lingine sitaki uniulize, wala kwa barua wala kwa mama yako.

Ile santuri ya chini nimeisikiliza. Sikuzima.

Fortunée


Grand Prairie, 10 Agosti 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Mimi na mume wangu (niandike tena: mume wangu!) tunakusalimu sana. Mama bado anakula keki iliyobaki. Kethia amegonga mlango wa gereji ya jirani, lakini polepole.

Uliondoka Jumapili hata jua halijawa kali, hukunywa chai, hukuniaga. Kethia anasema ulipoingia garini ulimwambia, "Mwambie Sandrine anisamehe." Nimekaa na maneno hayo wiki mbili, nageuza huku na huku. Nikusamehe nini? Jana usiku ndipo nilipoelewa, nikapiga kelele, Ushindi akadhani ni mwizi. Kaa chini nikueleze. Ulikuwa umenipa mgongo siku ile, kama desturi inavyotaka, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona.

Mimi nilikuwa ndani ya kile chumba cha watoto wa Sunday school, na shela yangu, kati ya picha za safina ya Nuhu. Nilisikia kina mama wakizungumza nje, kisha wakanyamaza. Elimringi, mpiga kinanda wa kanisa letu, akapiga noti, ile ya juu, kwa mazoea. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Nilikuwa nimeshika kitasa, nikisema moyoni, ameenda garini. Shangazi ameenda garini.

Ndipo ulipoanza. Mwanzo sikukutambua, nilidhani kuna baba mmoja ameamua kusaidia. Halafu ukafika penye jina langu, ukalivuta vile unavyolivuta tangu nikiwa mtoto, nikajua. Shangazi, ile sauti ilikuwa wapi? Ilipita chini ya mlango. Niliisikia miguuni kabla ya masikio. Kina mama walianza kule juu walikozoea, wakajikuta peke yao huko, nikawasikia wanashuka kwako mmoja mmoja, mpaka wote wakawa chini pamoja nawe. Elimringi akaondoa mikono kwenye kinanda. Nimeimbiwa na kwaya tangu nizaliwe na sijawahi kusikia watu wetu wakiimba namna ile. Nilimwona baba yangu. Sijui niseme vipi vingine. Nilimwona.

Nikatoka. Wewe uko mbele, mgongo wako wa kijani umenyooka. Mama analia. Ushindi, aliyeapa kwamba halii, analia na pua inatoka. Na pale kando ya njia, kwenye kiti chake, yuko Miss Ozella na kofia ya zambarau. Nilipomfikia akanyoosha mkono akaikamata shela yangu.

"Rudi ndani," akasema.

"Miss Ozella, arusi imeanza."

"Rudi ndani, funga mlango, aanze tena."

Ungemjibu nini? Mimi nilirudi! Katika nyumba yetu hakuna bibi arusi aliyewahi kutolewa mara mbili, mimi ndiye wa kwanza. Nikamtuma Kethia, na unamjua Kethia, alikuja kukuambia, "Tantine, banasema urudilie," hata hakusema kwa nini urudie, akaenda zake. Kabla mlango haujafungwa niliona mabega yako yakishuka. Nilidhani umechoka. Mara ya pili uliimba kwa hasira, na ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, watu walisimama wenyewe. Halafu chakula hukugusa.

Shangazi, Aprili uliniuliza alikosea wapi pale hotelini. Alicheka Ushindi, na mimi sikukujibu. Hakukosea popote. Kwa watu wa kazi yake, mwimbaji hurudishwa kwa sababu hawataki aache. Hawana heshima iliyo kubwa zaidi ya hiyo. Wale matajiri walimrudisha mara tatu kwa kuwa hawakuweza kukubali kwamba imekwisha. Na wewe ulisimama pale na kitenge chako ukasikia kidole cha Baba Modestus! Umeendesha gari mpaka Houston ukidhani umeniharibia arusi!

Nikwambie na la mwisho. Jioni ile nilimrudisha nyumbani Cedar Hill. Nilipomvua kofia akasema, "Maisha yangu yote watu wamenirudisha mimi. Mimi sijawahi kumrudisha mtu." Akanionyesha pa kutundika kofia. "Leo tu."

Mtoto wako uliyemtoa mara mbili,
Sandrine


Houston, 21 Agosti 2025

Mwanangu Sandrine,

Salamu kwenu nyote, na pole kwa gereji ya jirani. Huku joto linatuua. Précieux amerudi shule.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, halafu nikavuta kiti nikaisoma tena. Précieux aliniuliza kwa Kiingereza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia hapana. Nikamwomba aniwekee ile santuri ya ujana wake, ile niliyozima. Tuliisikiliza yote, na pale inapopanda nilikuwa nafuata huku chini, taratibu, nikikatakata vitunguu. Précieux alisimama mlangoni, hakuondoka mpaka nilipomaliza. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Mama, tena." Nikamwambia aende akafanye hesabu zake, maana sikutaka anione.

Mwambie Miss Ozella kwamba nimesikia. Mpikie uji, weka maziwa.

Simu yangu haijawahi kuharibika. Nipigie Jumapili baada ya ibada, nitapokea mwenyewe. Nisipopokea mara ya kwanza, rudia.

Shangazi yako,
Fortunée